Reale 8 ya 1783: ununue sasa au usubiri?
Ndugu, kama bei ya hiyo reale 8 ya Meksiko (sarafu ya kale ya Kihispania ya madini ya fedha) inapanda kila mnada, usikimbizane nayo. Kwanza piga hesabu ya ada ya mnunuzi. Mara nyingi hufika asilimia 20 juu ya dau lako. Halafu uliza kama imetoka baharini. Meli ya El Cazador ilizama 1784 ikiwa imesheheni sarafu za 1783, na iliyoliwa na chumvi haistahili bei ya nzima.

Bandia ni nyingi mno! Omba uzito (gramu 27 hivi, ikipungua sana bila kuchakaa, achana nayo) na picha ya ukingo: viduara na vimstatili vipokezane. Kwa dau kubwa, chukua iliyothibitishwa na NGC au PCGS tu (kampuni za kukagua sarafu). Ukiipata, usiisugue, hata kwa majivu.