Bamia kwenye ndoo, sweta kwenye kikapu

Ukiwa umepanga Dar na una kibaraza tu, anza na matembele. Nyanya utazikuta mbele ya safari. Matembele hayana makuu: omba marando kwa jirani, yakate vipande vya kiganja na nusu hivi, vifukie nusu kwenye kiroba chenye mchanga na samadi iliyooza vizuri, kisha mwagilia. Baada ya mwezi na kitu unaanza kuchuma ncha, na zinachipua upya. Samadi ya kuku mbichi inaunguza mizizi, kwa hiyo iache kwanza ioze mpaka ipoe kabisa.

Mchicha wengi wanaung'oa na mizizi yake. Kwa biashara sawa, ila kwa sufuria ya nyumbani kata kwa kisu, acha kishina cha vidole vitatu na majani machache, utarudi kukata tena. Na mbegu usizimwage zote siku moja. Mwaga kidogo, baada ya wiki mbili mwaga tena. La sivyo wiki hii unagawia mtaa mzima, wiki ijayo unamsubiri mama wa mboga na beseni lake.

Bamia ndiyo yenye masharti. Ndoo ya rangi ya lita 20, ukiitoboa chini, inatosha mche mmoja au miwili. Ua likishafunguka, siku nne hadi sita bamia iko tayari. Ukizembea inageuka kuni. Jaribu kuvunja ncha kwa kidole: ikikatika ka!, peleka jikoni. Ikipinda tu bila kukatika, ichume vilevile uitupe, maana bamia ngumu zikiachwa juu, mmea unapunguza kuzaa. Halafu vile vinyweleo vinawasha, na ute wake unanata, kwa hiyo nawa kwa sabuni kabla hujagusa uzi wa kufuma. Mimi bustani naishika asubuhi na jioni. Jua likipanda nakaa kivulini na sindano.

Sasa hivi nafuma sweta la mtoto wa mdogo wangu aliyeko Njombe, ambako Juni na Julai si mchezo. Mgongo umekwisha, kifua kimefika kwapani, mikono bado. Nyuzi nilizipata Kariakoo. Kwa joto letu mkono unatoa jasho na uzi unagoma kusogea, hivyo sindano za chuma zinanifaa kuliko za plastiki, na rangi nyeupe siigusi kabisa, kucha zangu zina udongo muda wote.

Kabla ya sweta lolote, fuma kipande cha sentimita 10 kwa 10 uhesabu mishono na mistari yake, ujue sweta zima litataka mingapi. Wanaojifunza wanakiruka wakiona ni kupoteza uzi. Uzi gani unapotea? Ukishapima, kifumue, uendelee nao.

Mtoto wa miezi mitatu mfumie la miezi sita au zaidi, kwa sababu sweta linachelewa na mtoto hasubiri. Kichwa chake nacho ni kikubwa kuliko unavyodhani: acha bega moja wazi, uweke vifungo viwili. Vifungo nunua mwanzoni, kabla hujafika begani, ili matundu uyafume kwa kipimo chake.