Kutia saini, kuridhia na kuridhika

SWALI: Nimesoma habari tatu kuhusu mkataba mmoja wa mabadiliko ya tabianchi. Ya kwanza inasema nchi fulani "imesaini mkataba", ya pili "imeridhia mkataba", ya tatu "imeridhika na mkataba". Je, yote ni mamoja?

JIBU: Hapana, na hiyo ya tatu imepotoka kabisa. Kuridhika ni hali ya moyo: mtu huridhika na majibu, na matokeo, na mshahara. Kuridhia ni kutoa idhini. Dola inaweza kuridhia mkataba huku ikinung'unika kwamba haujairidhisha hata kidogo. Tazama pia sarufi: nchi huridhia mkataba, bila "na" katikati. Anayeandika "imeridhia na mkataba" amechanganya vitenzi viwili.

Kusaini na kuridhia huchanganywa hata na waandishi wazoefu, na hapo maana ya habari nzima hugeuka. Kwa kawaida mjumbe akitia saini, nchi yake imeonyesha nia tu. Vipengele vya mkataba bado havijaifunga. Huifunga ikisharidhia, yaani taratibu zake za ndani, mara nyingi kura ya bunge, zikikamilika na hati ya kuridhia ikawasilishwa. Marekani ilitia saini Itifaki ya Kyoto, mkataba wa kupunguza gesi zinazoongeza joto duniani, mwaka 1998, lakini haikuiridhia. Ukiandika kwamba iliiridhia, umepotosha historia kwa kitenzi kimoja.

Itifaki hiyohiyo inatuonyesha hatua nyingine, kuanza kutumika. Ilipitishwa mwaka 1997, lakini ilihitaji kuridhiwa na nchi 55, zikiwemo nchi zilizoendelea zenye angalau asilimia 55 ya hewa ukaa iliyotolewa na kundi lao mwaka 1990. Urusi iliporidhia mwishoni mwa 2004 ndipo kiwango kikatimia, na itifaki ikaanza kutumika tarehe 16 Februari 2005. Kwa hiyo "Mkataba wa Paris wa 2015" ni sahihi, maana ulipitishwa mwaka huo. "Unaotumika tangu 2015" si sahihi, kwa kuwa ulianza kutumika Novemba 2016.

Kusaini au kutia saini? Vyote ni Kiswahili safi, ingawa katika maandishi rasmi mimi huchagua cha pili. Na nchi isiyotia saini wakati dirisha la kutia saini likiwa wazi, ikaja baadaye, tuseme imejiunga na mkataba. Hapo "na" inahitajika.