Mgeni alipe matibabu, ila alipe akiwa bado mzima

Mwadila wakuu. Mleta mada anasema mama yake, mkazi wa Buswelu hapa Mwanza, anajiandaa kwenda Uingereza kumwona binti yake aliyejifungua, na kuna mtu kamhakikishia kwamba "kule hospitali ni bure kwa kila mtu". Anauliza kama ni kweli, na kama si kweli, je, ni haki mgeni kutozwa kwenye hospitali ya umma? Naona povu limeshajaa hapo juu. Wengine wanasema walitutawala, basi watutibu bure, wengine wanasema mbona hata sisi tunalipa. Mimi nimekaa pande zote mbili za dirisha. Nimefanya kazi ya kupokea malipo kwenye hospitali moja hapa Mwanza, siitaji jina, na mama yangu mkubwa ameugulia hukohuko Uingereza akiwa mgeni. Jibu langu ni refu, asiye na muda apite.

Tuanze na la mama. NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza, ilianza Julai 1948 na inaendeshwa kwa kodi. Anayetibiwa bila kuulizwa hela ni mkazi, yaani mtu anayeishi pale kihalali na kwa kudumu. Uraia peke yake hausaidii, hata Mwingereza aliyehamia Dubai moja kwa moja akirudi kutembea anaweza kuandikiwa bili. Mgeni mwenye viza ya matembezi ya miezi 6 hatozwi kumwona daktari wa mtaa wala kuhudumiwa kitengo cha dharura. Hatozwi pia kwa magonjwa ya kuambukiza yaliyoorodheshwa, kama TB, malaria na VVU. Akishalazwa tu, saa ya bili inaanza kuhesabu, na bei yake ni asilimia 150 ya ile ya kawaida ya NHS. Kujifungua kunatozwa, ingawa hospitali hairuhusiwi kumkatalia mjamzito kwa sababu hana hela. Wanamhudumia kwanza, bili inafuata. Na tangu Oktoba 2017, tiba isiyo ya haraka sharti ilipwe kabla.

Mama mkubwa alikuwa anajulikana ana presha, lakini kilichomwangusha kule si presha, ni mawe kwenye nyongo. Usiku maumivu yakamshika, binti yake akamkimbiza kitengo cha dharura. Akawekewa dripu, akachukuliwa damu, akapigwa ultrasaundi, hakuna aliyetaja hela. Binti akanipigia simu usiku uleule: "Kaka, wameshampokea, wala hawajauliza chochote." Kesho yake mama akahamishiwa wodini. Mchana akaja dada mmoja mpole kabisa ana faili, akavuta kiti, akaanza kuuliza: uliingia lini, kwa viza gani, kwa kawaida unaishi wapi? Mama mkubwa akadhani anajuliwa hali. Akajibu Igoma, akaongeza kwamba nyumba yake iko karibu na soko, ana watoto sita wote wazima, na huyo dada akija Tanzania asifikie hotelini. Binti anatafsiri huku ameinamisha kichwa, maana yeye alishaelewa ile faili ni ya nini.

Bili ilivuka pauni elfu sita, kwa hela yetu kama milioni 20. Nitakachowasifia ni kwamba hakuna mlinzi aliyemzuia getini. Alipopona alitoka, barua ikaja nyumbani kwa posta. Hapa kwetu mnajua wenyewe, bila karatasi ya kuonyesha umemaliza malipo hutoki, na familia nyingine zimekwama hadi kwenye kuchukua maiti. Ila kule nako wana rungu lao: deni la pauni 500 au zaidi likikaa miezi miwili bila kulipwa wala kupangiwa utaratibu, linaripotiwa wizara yao ya mambo ya ndani, na siku ukiomba viza tena linakusubiri pale. Binti akaomba kulipa kidogokidogo. Huku tukafungua kundi la WhatsApp la michango, na baba mkubwa akauza ng'ombe kule Magu, jambo ambalo kwa Msukuma wa umri wake si dogo.

Kilichonikera mimi ni kingine. Huyo binti ni muuguzi. Kasomeshwa hapahapa Mwanza, sasa anakesha kwenye wodi za Waingereza. Yeye mwenyewe hatozwi ile ada ya afya ya wahamiaji kwa kuwa yuko kwenye viza ya wafanyakazi wa afya, ambao waliondolewa kwenye ada hiyo mwaka 2020 baada ya kelele nyingi wakati wa Korona. Lakini mama aliyemzaa, aliyemlipia ada ya chuo cha uuguzi kwa kuuza dagaa, anatozwa bei moja na nusu. Sisemi atibiwe bure. Nasema nchi inayovuna wauguzi wa watu ingeweza kuwafikiria wazazi wao kidogo.

Hiyo ada ya wahamiaji, wengi wenu hapo juu mmeichanganya na bili ya mgeni. Ni ya wanaokwenda kukaa zaidi ya miezi 6: wanafunzi, wafanyakazi, wenzi wa ndoa. Ilianza 2015 ikiwa pauni 200 kwa mwaka, na tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mwanafunzi au mtoto. Inalipwa yote kwa mkupuo wakati wa kuomba viza. Baba, mama na watoto wawili ni pauni 3,622 kwa kila mwaka wa viza, kabla hujanunua tiketi. Mfanyakazi akifika anakatwa kodi kama mwenzake, kwa hiyo kalipa mara mbili. Ni ghali, na hiyo ya mara mbili naiona ni uonevu, lakini kwenye jambo moja nawaunga mkono: wanaichukua ukiwa mzima, hujalala kitandani. Ajabu ni kwamba mgeni wa matembezi, ambaye ndiye atakayeumizwa na bili, hawamdai hata bima anapoomba viza. Ubalozi wa nchi za Schengen, zile za Ulaya zenye viza ya pamoja, haukupi viza bila bima ya angalau euro 30,000. Uingereza wanakupa viza, wanakukaribisha, halafu wanakusubiri wodini.

Sasa njooni huku kwetu, maana kuna mchangiaji kasema "Mzungu akija Bugando au Sekou Toure atozwe dola mpaka akome", yaani kwenye hospitali zetu za hapa Mwanza. Mimi nimekaa dirishani, nawaambia kumtoza mgeni mgonjwa ni kazi ngumu kuliko mnavyodhani.

Pale nilipokuwa tulikuwa na bei ya Mtanzania anayelipa taslimu, bei ya bima, na bei ya mgeni. Jumamosi moja jioni akaletwa kijana wa Kizungu aliyekuwa anajitolea Ukerewe, malaria imempanda mpaka anaongea ovyo. Mfukoni ana kadi ya bima nzuri ya kwao, inayogharamia hadi ndege ya kumrudisha. Kampuni ya bima inataka barua pepe ya daktari kwanza ndipo itoe dhamana, na ofisi yetu ya kushughulikia hayo imefungwa mpaka Jumatatu. Anazo dola, dirishani hatupokei noti, tunatoa kontroli namba ulipe kwa simu au benki. Ana kadi ya benki, mashine hatuna. Basi hela ya kumlaza akaitoa mwalimu wa shule ya kisiwani aliyemsindikiza, kutoka kwenye simu yake, mshahara wa mtu wa Nansio. Alirudishiwa baadaye, namshukuru Mungu. Lakini fikiria: mgeni mwenye bima ya mamilioni anadhaminiwa na mwalimu, kwa sababu tu hakuna aliyepanga mambo kabla hajaumwa.

Na nani ni mgeni? Hapo ndipo dirisha linapokuwa na dhambi. Nimeshuhudia mzee wa Kihindi aliyezaliwa mjini hapa, Kisukuma chake kinanishinda mimi, anaulizwa pasipoti. Nyuma yake kasimama mvuvi wa kutoka nchi jirani, kaandikisha kitongoji cha kisiwani, jina kajipa la Juma, anapita kwa bei ya Mtanzania. Karani anaangalia ngozi na lafudhi, basi. Msidhani Waingereza wamesalimika. Mwaka 2018 magazeti yao yaliandika habari za mzee aliyetoka Jamaika akiwa kijana, kaishi London zaidi ya miaka 40, ana saratani, akaambiwa athibitishe ukazi wake la sivyo atangulize pauni 54,000 ndipo aanze mionzi. Ukimpa karani wa hospitali kazi ya uhamiaji, haya ndiyo utakayopata, iwe Mwanza au London.

Kuhusu wavuvi na wafanyabiashara wa mipakani, mimi ningewatoza bei ileile yetu na kuacha kusumbuana. Watu wa ziwa wana dada zao ng'ambo ya maji, wanavuka kwa mtumbwi, hakuna geti la kumsimamisha mtu na kumwuzia bima. Na kuna sababu nyingine nzito kuliko undugu. Machi 2023 Marburg, homa hatari ya kuambukiza, ilitangazwa Kagera, watu 9 waliugua na 6 kati yao wakafariki kabla haijatangazwa kwisha mwezi Juni. MV Victoria inaondoka Bukoba jioni, asubuhi iko bandarini Mwanza. Mtu mwenye homa akiogopa bei ya mgeni, hatajitokeza hospitali. Atapanda meli aende kwa ndugu yake Kirumba. Ndiyo maana hata Waingereza, pamoja na ukali wao wote, hawatozi TB wala kipindupindu. Huko si kumhurumia mgeni, ni kujikinga wenyewe.

Haya, na lile la kutawaliwa? Hoja ya kihistoria ina uzito wake, lakini haitalipa bili ya mama wa Buswelu mwezi ujao. Na wale mnaorudia maneno ya wanasiasa wa kule kwamba wageni ndio wanaomaliza fedha za NHS: utafiti ulioagizwa na wizara yao ya afya mwaka 2013 ulikadiria kwamba wanaokwenda kwa makusudi kufuata tiba hawafikishi hata asilimia 1 ya bajeti. NHS inaelemewa na mengine.

Aliyesema "hata sisi tunalipa" kasema kweli, ila kalinganisha vitu viwili tofauti. Sisi tangu 1993 tuko kwenye uchangiaji: kodi inalipwa na dirishani unalipa, labda uwe mjamzito, mtoto wa chini ya miaka 5, mzee asiye na uwezo, au afisa ustawi wa jamii akuandikie msamaha. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa 2023. Kwa hiyo kwetu mgeni atalipa tu, kinachobishaniwa ni wakati gani. Zanzibar wameshalijibu. Tangu Oktoba 1, 2024 kila mgeni wa kutoka nje ya nchi anakata bima ya lazima ya dola 44 kwa shirika la bima la kule. Mwenye hela ya kuja kuogelea Nungwi hashindwi dola 44, na akigongwa na bodaboda hakuna mwalimu atakayelazimika kumtolea mshahara wake. Huo ndio utaratibu ninaoutaka mimi, kwao na kwetu, kwa kila anayeingia kwa ndege na viza: alipe kidogo mlangoni, kisha hospitalini asiulizwe kitu.

Sasa mleta mada, kwa upande wa mama. Uingereza hawatakudai bima, wewe mkatie, na uikate kabla hajapanda ndege, maana kampuni nyingi hazikubali safari iliyokwisha kuanza. Kama ana presha au kisukari, kiandikwe kwenye fomu hata kama bei itapanda. Ukikificha wanakikuta kwenye faili la hospitali na wanakataa kulipa. Uliza kama bima ina kikomo cha umri, mtu akifika miaka 70 baadhi ya kampuni hugoma au huongeza sana bei. Dawa zake abebe za muda wote wa safari pamoja na cheti cha daktari kilichoandikwa kwa Kiingereza, majina ya dawa yasomeke. Namba ya dharura ya bima iwe kwenye simu ya binti, si kwenye mkoba wa mama. Akilazwa, binti apige hiyo namba siku hiyohiyo kabla bili haijakua. Na kama barua ya deni itakuja licha ya yote hayo, wasiitupe kabatini: waandike ndani ya hiyo miezi miwili waombe kulipa kwa awamu, na nakala ya makubaliano waitunze, ataihitaji siku mjukuu wa pili akizaliwa na akaomba viza tena.