Polisi wamepekua nyumba na kumchukua ndugu yako: shika saa, shika karatasi

Dada, kwa wanaoingia sasa nirudie kwa kifupi ulichouliza. Askari watano waliingia kwenu saa kumi na nusu alfajiri, hawakuonyesha karatasi yoyote, wakapekua vyumba vyote, wakaondoka na kaka yako, simu mbili, laptopu na shilingi 1,400,000 taslimu. Kaka alisainishwa karatasi bila kuisoma. Kituoni mnaambiwa upelelezi unaendelea, dhamana hakuna, na kuna mtu kawadokeza kwamba "mkijiongeza" mambo yatalainika.

Nakujibu kwa sheria ya Tanzania Bara, yaani Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, na namba za vifungu ni za toleo la 2022; toleo la 2023 limeshatoka baada yake, kwa hiyo linganisheni namba kabla ya kuzitumia. Zanzibar wana sheria yao, Namba 7 ya 2018, kwa hiyo wa Unguja na Pemba msibebe namba hizi kwenda kubishana nazo kituoni.

Kabla ya yote, chukua daftari sasa hivi uandike saa. Saa waliyogonga mlango, saa waliyoondoka naye, saa mliyofika kituoni, jina la askari mliyeongea naye zamu hiyo, namba ya gari kama kuna aliyeiona. Nimeanza na hili kwa sababu nusu ya haki za mtuhumiwa zinahesabiwa kwa saa, na saa inayoandikwa kituoni si lazima iwe ile aliyokamatwa. Ukikumbuka baada ya miezi sita mbele ya hakimu kwamba "ilikuwa alfajiri alfajiri hivi", wakili wa serikali atakumaliza kwa maswali mawili.

Sasa upekuzi wenyewe. Watu wengi wanadhani hati ya upekuzi lazima itoke kwa hakimu. Kwa kifungu cha 38, mkuu wa kituo (OCS) akiwa na sababu za msingi anaweza kupekua mwenyewe au kumwandikia askari mwingine kibali cha kupekua. Kwa hiyo ukionyeshwa hati yenye muhuri wa polisi tu, usiseme ni feki. Kinachotakiwa ni kwamba iwepo kwa maandishi, na baadaye hakimu ataarifiwe kwamba ilitolewa, kwa sababu gani na kilipatikana nini. Hiyo taarifa kwa hakimu mara nyingi haipelekwi, na wakili mzuri huiulizia.

Kuhusu muda, kifungu cha 40 kinasema hati itekelezwe kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua. Siku yoyote, hata Jumapili, lakini mchana. Anayetaka kupekua usiku anaomba ruhusa mahakamani. Saa kumi na nusu alfajiri jua halijatoka popote Tanzania. Polisi wana mlango mmoja wa kupitia, kifungu cha 42, upekuzi wa dharura bila hati: pale askari anapoamini kwa sababu za msingi kwamba akisubiri, kitu kitapotea au kitaharibiwa, na jambo ni zito na la haraka. Kwa hiyo swali la kesi yenu litakuwa hili: dharura ilikuwa ipi? Kama taarifa walikuwa nayo tangu juzi yake na wakajipanga na gari na askari watano, hiyo dharura ina maelezo ya kutoa. Makosa ya dawa za kulevya yana sheria yake yenye mamlaka ya dharura mapana zaidi, kwa hiyo jambo la kwanza la kujua ni tuhuma ni ya nini hasa.

Hapa nikukatishe tamaa kidogo, maana kuna wachangiaji hapo juu wamekwambia "kesi imeshakufa hiyo". Haijafa. Kifungu cha 169 kinampa hakimu hiari ya kuupokea au kuukataa ushahidi uliopatikana kinyume cha utaratibu, akipima uzito wa kosa la polisi na uzito wa ushahidi wenyewe. Upekuzi mbovu ni silaha ya kutumia mahakamani, tena inahitaji mtu wa kuishika vizuri. Haimfungulii mtu mlango wa mahabusu kesho asubuhi.

Nije kwenye karatasi, maana ndiyo iliyobeba kesi nyingi kuliko chochote. Kuna karatasi tatu ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni hati ya upekuzi, inayotoa ruhusa. Ya pili ni hati ya ukamataji mali, yenye orodha ya vilivyochukuliwa. Ya tatu ni risiti ya kifungu cha 38(3), ambayo askari anatakiwa kuitoa kukiri kwamba amechukua vitu hivyo, ikiwa na saini ya mwenye nyumba au ndugu yake wa karibu, na saini za mashahidi waliokuwepo. Mara nyingi mnapewa ya pili tu, au mnasainishwa ya pili na hampewi chochote. Kama upekuzi ulikuwa wa dharura, hati ya ukamataji huchukuliwa kuwa inatosha. Kama ulikuwa wa kawaida chini ya kifungu cha 38, kukosekana kwa risiti ni pengo ambalo mahakama imeshaangusha nalo shauri.

Alichosaini kaka karibu hakika ni ya pili. Saini ile ina maana: mahakama huichukua kama kukiri kwamba vitu vile kweli vilikutwa kwake. Kwa hiyo atakapoonana na wakili, jambo la mwanzo ni kueleza alisaini wapi (nyumbani au kituoni), saa ngapi, nani alikuwepo, na kama orodha ilikuwa imeshajazwa au ilikuwa na nafasi tupu. Karatasi iliyosainiwa kituoni ikidaiwa kuandikwa sebuleni kwenu, mjumbe wa mtaa wenu, kama aliitwa kushuhudia, ndiye atakayeianika.

Na kwa wengine mnaosoma, wakija kwenu fanyeni hivi. Msizuie mlango na msishike mkono wa askari, hilo ni kosa jipya mnalojiongezea. Ombeni kwa sauti ya kawaida kuona hati na vitambulisho. Ombeni mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa aitwe kabla upekuzi haujaanza, maana anayeitwa mwishoni hushuhudia meza iliyokwisha pangwa. Mwombeni mjumbe awapekue wapekuzi kwanza, mifuko na mikono. Askari anayejua kazi yake hachukii hilo, linamlinda na yeye. Kisha ingieni chumba kimoja kimoja pamoja nao. Kosa kubwa ni kukubali familia ikae sebuleni chini ya ulinzi wakati askari wawili wako chumbani peke yao. Mwanamke anapekuliwa mwilini na mwanamke mwenzake, kwa staha, hilo halina mjadala.

Orodha ikiandikwa, isomeni mstari kwa mstari. "Simu 1 nyeusi" haifai. Iandikwe aina, rangi, kioo kimepasuka kona ipi, laini ngapi, na IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe. Bonyeza *#06# namba inatokea, na kama simu ina laini mbili zitatokea namba mbili, ziandikwe zote. Laptopu iandikwe namba ya utambulisho ya mtengenezaji (serial number) iliyobandikwa chini. Fedha zihesabiwe mbele yenu na ziandikwe kwa noti: elfu kumi ngapi, elfu tano ngapi. Kwenu ni 1,400,000. Kama hati imeandikwa "fedha taslimu" bila kiasi, andikeni barua kwa OCS leo hii mkitaja kiasi, nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Unga au majani yafungwe kwenye bahasha palepale na mkaaji na mashahidi wasaini juu ya bahasha, kwa sababu toka hapo itapita kwa mtunza vielelezo, kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na kurudi, na kila mkono unaoipokea unatakiwa uwe na maandishi. Nafasi iliyobaki chini ya orodha ipigwe mstari. Usipokubaliana na kitu, kukataa kusaini hakusaidii sana, shahidi atasema tu ulikataa. Afadhali andika kwa mkono wako, "Namba 3 sikuiona ikitolewa chumbani kwangu", halafu saini. Piga picha ya karatasi kama utaruhusiwa.

Sasa kaka yuko ndani. Alipokamatwa alitakiwa kuambiwa kosa. Kabla ya kuhojiwa, kwa kifungu cha 53, anayemhoji anatakiwa amwambie jina na cheo chake, kosa linalochunguzwa, kwamba halazimiki kujibu swali lolote isipokuwa jina na anwani, na kwamba ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Kifungu cha 54 ndicho kinachowapa nyinyi nafasi: akiomba kumpigia ndugu, apewe njia. Mkienda kituoni msiseme "tunaomba mtusaidie kumwona". Semeni, "ameomba kuonana na ndugu na wakili wake kwa kifungu cha 54, tunaomba ombi liandikwe kwenye kitabu." Sentensi hiyo hubadilisha sura ya kaunta.

Saa za mahojiano ni nne tangu awe chini ya ulinzi. Hiyo ni kifungu cha 50. Anayesimamia upelelezi anaweza kuongeza muda usiozidi saa nane, zaidi ya hapo ni kwa hakimu. Muda wa safari ya kumpeleka kituoni au kwenda naye kutafuta kielelezo, na muda wa kusubiri wakili, hauhesabiwi. Maelezo ya onyo, yaani yale anayoandikisha polisi baada ya kuonywa kwamba halazimiki kujibu, yakichukuliwa nje ya muda huo bila nyongeza yanaweza kukataliwa, ndiyo maana nilikwambia uandike saa. Lakini pingamizi lazima litolewe pale pale upande wa mashtaka unapotaka maelezo yapokelewe kuwa kielelezo. Hapo mahakama husimamisha kesi ya msingi na kusikiliza kwanza kama maelezo yalitolewa kwa hiari. Anayekaa kimya siku hiyo na kuja kulalamika kwenye rufaa huambiwa ni mawazo ya baadaye.

Maelezo hayo ayasome yote kabla ya kusaini, na ana haki ya kusahihisha. Kama hajui kusoma vizuri, asomewe. Hayuko chini ya wajibu wa kueleza chochote mpaka wakili afike, na ushauri wangu ni huo: ataje jina, anwani, anyamaze. Wengi hujifunga kwa kutaka "kuelezea tu".

Akipigwa, aombe PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali) na atibiwe, na siku ya kwanza mbele ya hakimu au mlinzi wa amani (mara nyingi hakimu wa mahakama ya mwanzo) aonyeshe majeraha na aombe yaandikwe kwenye mwenendo wa shauri. Malalamiko mengine mnaweza kuyapeleka Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Dhamana. Kifungu cha 32 kinasema kama haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo aliangalie shauri na amwachie kwa dhamana, isipokuwa kosa liwe zito. Neno "zito" ndilo linalovutwa kila upande, na wanaokamatwa Ijumaa jioni ndio wanaolijua vizuri. Tangu mabadiliko ya 2022 polisi wanatakiwa kumaliza upelelezi kabla ya kufungua shtaka, ukiondoa makosa makubwa. Nia ni njema, ila matokeo yake ni watu kubanwa kituoni badala ya gerezani. Makosa yasiyo na dhamana kabisa yametajwa kwenye kifungu cha 148(5): mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, usafirishaji wa dawa za kulevya, ugaidi, utakatishaji fedha na mengine machache. Agosti 2020 Mahakama ya Rufani ilikataa kukifuta kifungu hicho, kwa hiyo kipo. Kosa la kaka kama halimo humo, dhamana ni haki yake.

Nendeni na wadhamini wawili, kila mmoja na kitambulisho cha NIDA, barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa anakoishi na picha ndogo mbili. Dhamana ya polisi hailipiwi hata senti. Haina risiti kwa sababu haina malipo. Anayewataka "mjiongeze" hana uwezo wa kufuta jalada, na akihamishwa zamu mtaanza upya na mwingine, huku nyinyi ndio mmeshatenda kosa la kutoa rushwa.

Saa 24 zikipita na OCS akakataa kuwajibu, pandeni kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) kwa barua, halafu kwa RCO (mkuu wa upelelezi wa mkoa). Mkizungushwa kituo hadi kituo mkiambiwa "hayupo hapa", hapo ni wakili na Mahakama Kuu: kifungu cha 390 kinaruhusu maombi ya kuamuru anayemshikilia amlete mahakamani. Maombi haya yakifika tu mezani, mara nyingi mtu hupatikana au hupelekwa mahakamani asubuhi yake. Msio na hela ya wakili, tafuteni watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Simu na laptopu hazitarudi leo. Zikiwa vielelezo zinakaa mpaka shauri liishe, au mahakama ikubali maombi ya kuzirudisha mapema. Msimpe mtu neno la siri kwa mdomo pembeni ya korido, likitakiwa litakiwe kwa maandishi. Na kama mtaamua baadaye kuidai serikali fidia kwa mali au kwa kushikiliwa isivyo halali, lazima mtoe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri, nakala kwa Mwanasheria Mkuu. Hesabu inaanza siku notisi imepokelewa, kwa hiyo hata hapo mtahitaji nakala yenye muhuri.

Niambie tu tuhuma waliyoiandika kwenye kitabu ni ipi, halafu nitaongeza.