Kumsoma Axel Honneth: ushauri kwa wanaoanza falsafa ya jamii Mombasa

Wanafunzi wapya wa falsafa ya jamii hapa Mombasa huniuliza waanzie wapi kumsoma Axel Honneth, mwanafalsafa wa Ujerumani, na jibu langu halibadiliki: anzeni na malalamiko ya watu, kisha ndipo mfungue kitabu. Honneth mwenyewe anaijenga nadharia yake kutoka upande huo, kwa kuwa anaamini kwamba tunajua binadamu wanadaiana nini tunapochunguza kinachowaumiza wanaponyimwa.

Historia yake ni fupi kusimulia. Alizaliwa Essen, Ujerumani, mwaka 1949, akafundisha Konstanz na Berlin, na mwaka 1996 akachukua nafasi ya mwanafalsafa Jürgen Habermas katika Chuo Kikuu cha Frankfurt. Kuanzia 2001 hadi 2018 aliongoza Taasisi ya Utafiti wa Jamii mjini humo, na mwaka 2011 akajiunga pia na Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Msihangaike kuzikariri tarehe hizi. Shikeni zaidi lile aliloliona mapema, katika kitabu chake cha 1985 kuhusu mamlaka, kwamba wanafalsafa waliomtangulia katika taasisi hiyo ya Frankfurt walieleza vizuri jinsi watu wanavyotawaliwa lakini hawakuzipa uzito wa kutosha harakati za watawaliwa wenyewe.

Pengo hilo alilijaza mwaka 1992 kwa kitabu chake kuhusu mapambano ya kutaka kutambuliwa, akitegemea maandishi ya ujanani ya mwanafalsafa Mjerumani Hegel na mawazo ya Mmarekani George Herbert Mead. Kutambuliwa huko kuna sura tatu: mtu hujiamini kwa kupendwa, hujiheshimu kwa kupewa haki sawa na wenzake, na hujithamini pale mchango wake unapothaminiwa na jamii. Wengi huyameza mambo haya matatu kama majibu ya mtihani, na hapo ndipo nawaomba mtulie.

Chukueni mgomo wa Januari 1947 katika mji wetu huu. Makuli wa bandarini, wafanyakazi wa reli, wa mahotelini, hata watumishi wa majumbani waliacha kazi kwa karibu wiki mbili, na katika vuguvugu hilo kikazaliwa chama cha wafanyakazi Waafrika kilichoongozwa na Chege Kibachia. Yasomeni madai yao polepole, penseli mkononi. Walilalamikia gharama ya maisha iliyopanda, walilalamikia kulipwa pungufu ya watu wa rangi nyingine kwa kazi ile ile, na walilalamikia, kwa kulitaja waziwazi, kutoheshimiwa kwa mfanyakazi Mwafrika popote alipoajiriwa.

Sasa fungueni mjadala wa Honneth na mwanafalsafa Mmarekani Nancy Fraser, uliochapishwa mwaka 2003. Fraser anasema dhuluma ya kiuchumi ina mizizi yake yenyewe, na kwamba ugawaji wa mali hauwezi kufungwa ndani ya suala la kutambuliwa. Honneth anajibu kwamba mshahara wenyewe hubeba hukumu ya jamii kuhusu thamani ya kazi ya mtu. Pangeni kila dai la mwaka 1947 upande unaolistahili, wa ugawaji wa mali au wa kutambuliwa, na mtaona kwamba lile la malipo yasiyo sawa halikubali kukaa upande mmoja. Kwa maoni yangu, Honneth anatusaidia zaidi kuielewa hasira ya wagomaji, ambayo shilingi peke yake haziielezi. Lakini Fraser ana nguvu katika suala la gharama ya maisha, kwa sababu bei za vyakula baada ya Vita vya Pili vya Dunia hazikupanda kwa kuwa kuna mtu aliyemdharau kuli.

Andikeni hoja zenu wenyewe kuhusu jambo hili kabla ya kusoma mfafanuzi yeyote. Kisha endeleeni na kitabu cha 2011 kuhusu haki ya uhuru, ambamo anachambua mahusiano ya karibu, soko na siasa ya kidemokrasia, na baadaye kile cha 2023 kuhusu kazi, ambamo anadai kwamba mfanyakazi aliyechoshwa, asiye na muda na asiyethaminiwa kazini hawezi kushiriki ipasavyo katika kujitawala kwa wananchi. Mkifika hapo, yarudieni madai ya makuli mkiyasoma kama madai ya raia.