Maswali yenu: Neno "stage" na safari zake

Mbona Nairobi kituo cha matatu ni steji, na kwenye vitabu vya Kiingereza steji ni pa kuigizia? (Umoja)

Maana zote mbili ni za Kiingereza, na za zamani. Neno lilitoka Kifaransa cha kale, "estage", ambalo chimbuko lake ni kitenzi cha Kilatini "stare", kusimama. Kwanza lilitaja ghorofa au sakafu iliyoinuliwa. Wafaransa mpaka leo huita ghorofa "étage". Sakafu hiyo ndiyo iliyokuja kuwa jukwaa la waigizaji.

Upande wa barabara ulienda njia yake. Gari la abiria la kukokotwa na farasi halikuweza kushinda safarini na farasi wale wale. Kila baada ya maili kumi au kumi na tano hivi palikuwa na nyumba ya wageni. Farasi waliochoka wakifunguliwa, wengine wakifungwa. Mahali hapo paliitwa "stage", na kipande cha njia hadi kituo kinachofuata kikaitwa hivyo hivyo. Baadaye mabasi ya Uingereza yakawa na "fare stage", kituo ambapo nauli hubadilika. Kwa hiyo anayemwambia makanga "nishukishe hapo steji" hajaharibu Kiingereza cha mtu. Ila ukiwa London sema "bus stop", la sivyo utaonyeshwa njia ya ukumbi wa maigizo.

Mama ana saratani steji ya 3. Akitibiwa vizuri itarudi ya 2? (Kayole)

Pole kwa kuuguza. Kwa kawaida hairudi. Steji hupimwa ugonjwa unapogunduliwa: ukubwa wa uvimbe, kama umefika kwenye tezi za limfu, na kama umesambaa viungo vya mbali. Nambari hiyo hubaki kwenye faili hata uvimbe ukiyeyuka. Mpate nafuu au la, swali la kumuuliza daktari ni "dawa inafanya kazi?", si "tuko steji ya ngapi sasa?" Na msilinganishe nambari za magonjwa tofauti: saratani nyingi huishia 4, ugonjwa sugu wa figo una hatua 5.

Mwalimu wa drama akisema "stage left", ni kushoto kwa nani? (Ngara)

Kwa mwigizaji anayewatazama watazamaji. Aliyeketi kitini huona kulia. "Upstage" nayo ni sehemu ya nyuma, kwa sababu majukwaa ya zamani yalijengwa yakiteremka kuelekea watazamaji. Mwenzako akirudi huko nyuma mkiwa mnazungumza, utalazimika kugeuka na kuwapa watu mgongo. Uso wake ndio utakaoonekana. Hapo ndipo kitenzi "upstage" kilipopata maana ya kumfunika mtu.

Na steji za roketi? (Rongai)

Ni vipande vilivyopandana, kila kimoja na injini na fueli yake. Fueli ikiisha kipande huachwa kianguke, kilichobaki kisibebe chuma cha bure. Roketi ya Scout, yenye steji 4, ndiyo iliyorusha setilaiti iitwayo Uhuru kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970.

"Stag", kulungu dume, ni ndugu yake? (Kawangware)

Hapana, yanafanana herufi tu. Ndugu wa kweli ni "station", lililotupa stesheni.