Barua kwa mwanangu: gari la mtu asiyeendesha sana

Mwanangu mpendwa,

Umeniambia unaendesha kama kilomita 5,000 kwa mwaka, nyingi zikiwa safari za kilomita tatu nne, na umeuliza gari lipi litakula mafuta kidogo: la dizeli, haibridi (lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja) au petroli.

Tupige hesabu kwanza. Gari dogo la petroli linalokunywa lita 7 kwa kila kilomita 100 litamaliza lita 350 kwa mwaka. La dizeli linalokunywa lita 5 litamaliza 250. Tofauti yote ya mwaka mzima ni lita 100. Linganisha na nyongeza ya bei utakayoulizwa kwa dizeli au haibridi, utaona itakuchukua miaka mingapi kuirudisha. Kwa anayeendesha kidogo, pesa haiishii kwenye tangi. Inakwenda kwenye bima, kwenye thamani inayoshuka, na kwenye vitu vinavyooza gari likiwa limesimama. Kwa hiyo tafuta gari linalovumilia kukaa.

Dizeli ya kisasa naikataa kabisa kwa safari zako. Kwenye ekzosi ina chujio la masizi, na chujio hilo hujisafisha kwa kuyaunguza masizi moshi unapofika nyuzi joto 600 hivi. Joto hilo linataka barabara ndefu na mwendo usiokatika. Kila unapozima injini katikati ya zoezi hilo, dizeli ya ziada iliyopulizwa ndani ya silinda huteremka kwenye oili. Utachomoa kijiti cha kupimia oili na kukuta oili imepanda juu ya alama, nyepesi, inanuka dizeli. Oili hiyo hailindi tena injini, na chujio likiziba kabisa, bei yake itakuliza.

Haibridi hubana mafuta kweli, lakini betri yake kubwa hujazwa na gari lenyewe likitembea, kwa hiyo haipendi kuachwa wiki nyingi. Gari la umeme halidhuriki na safari fupi hata kidogo. Kama una pa kulichajia nyumbani na umepata lililotumika kwa bei isiyozidi sana ya petroli, lichukue, na likikaa muda mrefu liache na chaji karibu nusu.

Usipolipata hilo, nunua petroli ya kawaida: injini ya ukubwa wa cc 1,000 hadi 1,300, isiyo na turbo (feni ya kusukumia injini hewa zaidi), yenye mnyororo wa taimingi, ule unaozungusha valvu, badala ya mkanda, maana mkanda una umri wake wa kubadilishwa hata usipotembea. Muulize fundi pia nozeli, yaani vipulizio vya petroli, zinapulizia wapi. Zinazopulizia nje ya silinda, nyuma ya valvu, ndizo nzuri kwako, kwa sababu petroli huziosha valvu. Zinazopulizia moja kwa moja ndani ya silinda huziacha valvu zikiganda masizi, na safari fupi huzidisha.

Utaonyeshwa magari yenye kilomita chache na kuambiwa ni mapya. Usiyaamini macho. Kwenye ubavu wa tairi tafuta tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye zaidi ya miaka sita lianze kukutia shaka, hata kama meno yake ni marefu, kwa sababu mpira hukauka na kupasuka. Kisha fungua kifuniko cha oili. Ukiona utando mzito wa rangi ya chai ya maziwa, huenda ni unyevu wa safari fupi tu. Usikimbie kabla hujaangalia maji ya rejeta: yakipungua bila kuvuja nje, hapo gasketi ya silinda hedi, kizibo kinachotenga maji na oili ndani ya injini, ndiyo mshukiwa. Kutu nyepesi kwenye diski za breki hutoka ukikanyaga mara chache, ila mashimo usiyakubali.

Sasa betri, maana hiyo ndiyo itakayokusumbua kuliko yote. Alamu na kompyuta za gari lililozimwa zikivuta miliampea 50 tu, kwa siku 20 zimemaliza ampea-saa 24, yaani zaidi ya nusu ya betri ya 45. Pima kwa multimita (kipimo cha umeme) gari likiwa limepumzika: volti 12.6 imejaa, 12.2 imebaki nusu. Ikikaa hivyo, salfeti hugandamana kwenye bamba zake na haijai tena. Nunua chaja ndogo ya kutunza betri.

Kuwasha gari likasimama dakika tano uani hakusaidii, kunaongeza maji kwenye oili. Kila wiki mbili liendeshe nusu saa barabara iliyonyooka hadi injini ipate moto sawasawa. Oili badilisha kila mwaka hata kama kilomita hazijatimia, na mafuta ya breki kila miaka miwili, kwa sababu hunyonya unyevu. Likikaa wiki kadhaa, usivute hendibreki, pedi zitashika; weka gia na kigingi kwenye gurudumu.

Kabla hujalipa, nitumie picha ya namba za matairi yote manne, na ya kijiti cha oili kabla hujakifuta.

Mzazi wako